Foleni ya darajani tunaitengeneza wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa kooni muda mrefu, na kila nikisoma wasomaji wenzangu wanavyolalamika kuhusu foleni za madarajani naona tunazunguka palepale, eti daraja jembamba, eti malori, eti trafiki wako wapi, eti lijengwe lingine. Inawezekana. Lakini mimi navuka daraja kila siku ya kazi, asubuhi kwenda jioni kurudi, na kuna kitu kilikuwa hakiniingii akilini kabisa: unakaa foleni nusu saa, unasogea kidogo unasimama, unasogea unasimama, halafu unafika pale juu katikati ya daraja unatazama mbele, hamna kitu. Hamna ajali, hamna lori lililokufa, hamna askari, njia nyeupe. Kila mtu anakanyaga mafuta anaondoka zake. Sasa muda wote ule tulikuwa tunasubiri nini?

Na hilo la wembamba nimelihesabu kwa macho yangu. Kabla ya daraja leni mbili, juu ya daraja leni mbili, baada ya daraja leni mbili. Kama bomba ni lilelile kutoka mwanzo mpaka mwisho kwa nini maji yakwame katikati?

Jibu nililipata kwa bahati. Kuna wiki gari langu lilikuwa gereji nikawa napanda basi, siku moja nikapata siti ya mbele kabisa pembeni ya dereva, naiona dashibodi yote. Daraja letu, kama madaraja mengi yanayopita juu ya maji yenye vyombo vya kupita chini, limeinuka katikati, unapanda taratibu halafu unashuka. Tukaingia na spidi 80. Nikawa naangalia mshale. Dereva hajagusa breki, mguu uko palepale kwenye mafuta, lakini mshale unashuka wenyewe, 76, 71, tukafika juu na 63. Nikamwambia, kaka mbona umepunguza mwendo? Akanitazama kama vile nimemtukana. "Mimi sijapunguza, wewe umeniona nakanyaga breki?" Na alikuwa anasema kweli, ile kweli yake. Hakupunguza. Gari ndo lilipunguza na yeye hakujua.

Ukipanda mlima mkubwa unauona, unajiandaa, unashusha gia, unaongeza mafuta. Mwinuko wa daraja ni mdogo, mita 2 au 3 kwa kila mita 100, na ubaya wake zaidi ni kwamba huna cha kulinganisha nacho, maana barabarani kawaida una ardhi pembeni, una nyumba, una miti, unaona kabisa kwamba hapa napanda, ila darajani kingo zinapanda pamoja na barabara, kila kitu kimelala sambamba na wewe, jicho linakwambia uko tambarare. Kwa hiyo mguu unabaki palepale, injini inabeba mzigo mzito kuliko dakika moja iliyopita, na spidi inaliwa kidogokidogo. Wajapani wamelifanyia kazi sana jambo hili. Kwenye barabara zao kuu wanajua kwamba foleni nyingi zinaanzia pale mteremko unapoisha na mwinuko unapoanza, lile bonde dogo ambalo dereva wala halioni, na wameweka mabango ya kumwambia dereva hapa unapanda, usipoteze mwendo. Sehemu nyingine wamefika mbali zaidi, wameweka taa pembeni ya barabara zinazowaka moja baada ya nyingine kama vile zinakimbia, dereva anajikuta anazifuata bila kuambiwa. Zipo hata kwenye ile Tokyo Bay Aqua-Line, njia iliyofunguliwa 1997 ambayo kama theluthi moja yake ni daraja na sehemu iliyobaki ni handaki chini ya bahari. Nilivyosoma hilo nikacheka peke yangu, nikamkumbuka dereva wangu wa basi na hasira zake.

Najua kuna mtu anasema moyoni, sasa kupoteza spidi kidogo hivyo kunaletaje foleni ya kilomita? Swali zuri. Usiku hakuleti. Saa tano usiku hata ukivuka na spidi 50 atakayekuwa nyuma yako atakupita na maisha yanaendelea. Shida ni asubuhi magari yakiwa yamejaa karibu na mwisho wa uwezo wa barabara. Leni moja nzuri ikienda vizuri inapitisha magari kama 2,000 kwa saa, ukigawanya ni gari moja kila sekunde mbili pungufu kidogo. Yaani hakuna nafasi ya ziada. Wa mbele akipoteza spidi kidogo, wa pili anastuka baada ya sekunde moja hivi, na kwa kuwa amechelewa kustuka itabidi apunguze zaidi ya yule wa kwanza, wa tatu naye anaona taa za breki anakanyaga kwa nguvu zaidi, wa kumi anakwenda kama mtu anayetembea kwa miguu, wa ishirini kasimama kabisa. Yule wa kwanza ameshavuka zamani anasikiliza redio.

Mwaka 2008 watafiti wa Japani akiwemo Yuki Sugiyama wa chuo kikuu cha Nagoya walichapisha jaribio moja rahisi sana, mtoto wa shule anaweza kulielewa. Walichukua magari 22 wakayapanga kwenye duara lenye mzunguko wa mita 230, wakawaambia madereva nendeni kama kilomita 30 kwa saa, fuataneni tu. Hakuna daraja hapo, hakuna taa, hakuna lori, hakuna mtu wa kuchomekea. Mwanzo wakaenda vizuri. Baada ya muda mfupi foleni ikazaliwa yenyewe, magari kadhaa yamesimama, mengine yanaondoka, na ile sehemu ya kusimama ikawa inarudi nyuma kama wimbi kwa mwendo wa kilomita 20 hivi kwa saa. Sasa kama kwenye duara tambarare lisilo na kitu foleni inazaliwa, wewe fikiria kwenye daraja lenye mwinuko, upepo na watu wenye woga.

Hebu tufanye hesabu ya hilo wimbi kidogo. Mtu ameachia mafuta darajani saa 1 kamili asubuhi. Wimbi linarudi nyuma kilomita 20 kwa saa. Saa 1 na nusu, kama magari yanazidi kuja ya kulilisha, limeshafika kilomita 10 nyuma, linamsimamisha mtu ambaye wakati kosa linafanyika alikuwa bado nyumbani anatafuta funguo. Huyo naye anapiga honi. Anampigia nani? Aliyefanya kosa ameshafika kazini. Waingereza wawili, Lighthill na Whitham, waliliandikia hesabu jambo hili tangu 1955, wakaonyesha kwamba magari yakiwa mengi yanaanza kuwa na tabia ya maji ya mto, mawimbi yanapita ndani yake.

Kuna kitu kingine ambacho ndo kinaniuma zaidi na watu hawakijui. Foleni ikishazaliwa, daraja linapitisha magari machache kuliko lilivyokuwa linapitisha kabla ya foleni. Rudia kusoma hapo. Lile daraja lililokuwa linapitisha 2,000 kwa saa kwenye leni, likishakwama linashuka kama sehemu moja ya kumi hivi, maana kila anayetoka kwenye foleni anaondoka kivivu, amechoka, anashika simu, anaacha pengo kubwa mbele yake kisha anaanza kulifukuzia. Kwa hiyo kosa la dakika mbili tunalilipa saa zima. Na wingi wa magari ukishuka bado foleni inabaki, mpaka iishe yenyewe polepole.

Sasa mwinuko siyo sababu peke yake, nisiwadanganye. Angalia barabara ya kawaida pembeni ina bega, ile sehemu pana ya kuegesha ukiharibikiwa. Kwenye madaraja mengi ya zamani bega halipo, kujenga juu ya maji ni gharama kwa hiyo walibana. Dereva akiingia anaona kingo ya zege au chuma imemsogelea dirishani, anajivuta kidogo katikati, na wa leni ya pili naye anajivuta, wote wawili wanaogopana, wote wanapunguza. Tena vitu vikiwa karibu na jicho vinapita kwa kasi, nguzo vuup vuup vuup, mwili unahisi unakimbia sana kuliko uhalisia hivyo mguu unalegea. Leni ni upana uleule, rangi ni ileile, ila ubongo umeshasema hapa pamebana. Wahandisi wa barabara wanalijua hili, wakipiga hesabu za mwendo wa barabara wanahesabu pia umbali wa kingo kutoka kwenye leni.

Na ukosefu wa bega una ubaya wa pili ambao hauhitaji maelezo, gari moja likipata pancha leni nzima imekufa mpaka lije la kuvuta.

Halafu kuna wale wa kutazama mandhari. Hawa sina huruma nao. Maji umeyaona jana, umeyaona juzi, kesho yatakuwepo, wewe unapunguza mpaka 40 kuangalia boti. Ukiwa na abiria mwambie akusimulie.

Wenye woga ni habari nyingine, na hapa nawaomba wasomaji tuwe na ubinadamu. Dada yangu mkubwa ni dereva mzuri kuliko mimi, ameendesha usiku, ameendesha mvua, lakini darajani anashika usukani mpaka vidole vinakuwa vyeupe na haongei na mtu mpaka tuguse nchi kavu. Siyo yeye tu. Marekani kuna daraja la Chesapeake Bay kule Maryland, lina urefu wa kama kilomita 7, jembamba na limepanda juu sana, na kuna watu wanalipa kabisa dereva mwingine awavushie gari lao kwa sababu wao hawawezi. Daraja la Mackinac la Michigan lililofunguliwa 1957, kilomita 8 hivi, wenye daraja wenyewe wana utaratibu wa kukupa mtu akuendeshee ukiomba. Upepo ukija pembeni pale juu gari linasukumwa kweli, hasa lori tupu au gari refu kwenda juu, kwa hiyo woga wao siyo wa kuwacheka. Ila nao wangekaa leni ya wanaokwenda taratibu, wangetusaidia.

Na kuna kupunguza kwa akili. Ukikaribia pale juu huoni upande wa pili, daraja limekuficha, huwezi kujua kama kuna gari limesimama mita 50 baada ya kilele. Anayepunguza kidogo hapo simlaumu kabisa. Nchi za baridi nako wanafundishwa kupunguza, daraja linapigwa na ubaridi juu na chini kwa hiyo linaganda barafu kabla ya barabara. Na vile viungio vya chuma vinavyounganisha vipande vya daraja, vikichakaa vinakuwa kama vituta, gari linalia gadam, mtu anakanyaga breki. Hapo mwenye kosa ni anayetunza daraja, siyo dereva.

Nije kwenye kuchomekea, na hapa Mhariri unisamehe kama nitapandisha sauti. Mto au mlango wa bahari una sehemu chache za kuvukia, ndo maana daraja likajengwa hapo, kwa hiyo barabara zote za upande huu zinakuja kumwagika kwenye mdomo wa daraja moja. Pale mdomoni ndo pana vita. Huyu katanua pembeni kapita magari hamsini anataka kuingia mbele, yule hataki kumpa nafasi, wamebanana kioo kwa kioo, nyuma yao leni nzima imesimama. Mmeona mbuzi mlangoni kwa zizi? Wakija mmojammoja wanaingia wote kwa dakika, wakijisukuma wote kwa pamoja wanakwama mlangoni wakati zizi ndani ni tupu. Sisi tuna leseni na bado tunashindwa. Kumbe mahali leni zinapoungana ni huyu mmoja, yule mmoja, huyu mmoja, yule mmoja, wala haihitaji askari.

Wenzetu wengine hawakusubiri madereva wawe wastaarabu. New York kwenye mahandaki yanayopita chini ya mto Hudson, mwishoni mwa miaka ya 1950, wahandisi waligundua magari yanakwama palepale handaki linapoanza kupanda kutoka chini ya mto, yaani ugonjwa uleule wa basi langu. Wakajaribu kitu ambacho ukikisikia unaona ni wazimu, wakawa wanazuia magari mlangoni, wanaruhusu kundi, wanaacha pengo, wanaruhusu kundi. Ukiwa umesubiri mlangoni unatukana. Lakini kwa saa moja magari yaliyopita yaliongezeka, kwa sababu kundi likitoa wimbi lile pengo linalimeza, haliwafikii wa nyuma. San Francisco nao kwenye Bay Bridge wana taa baada ya vibanda vya malipo zinazoruhusu magari kuingia darajani kwa kipimo, miaka mingi sasa. Unasimama kidogo pale mwanzo ili usisimame sana katikati.

Hilo pengo ndo nataka tuzungumzie kwa sababu halihitaji bajeti ya serikali yoyote. Ukiwa 80 kwa saa unakwenda mita 22 kila sekunde, pengo la sekunde mbili ni mita 44, siyo kubwa kihivyo. Wa mbele akipoteza spidi wewe unaachia mafuta tu bila kugusa breki, pengo linapungua kidogo kisha linarudi, na wa nyuma yako hata hajajua kama kulikuwa na kitu. Wimbi limekufa kwako. Na ukianza kupanda daraja tupia jicho kwenye spidi, ukiona inashuka ongeza mafuta kidogo irudi ilipokuwa, basi, usivuke spidi ya kibao sijasema mkimbie. Na acheni kuhamahama leni darajani, kila ukihama kuna mtu mmoja amekanyaga breki nyuma yako.

Nimejaribu mwenyewe, nisiwe mtu wa kuandika barua tu. Siku ya kwanza nikaacha pengo langu la sekunde mbili, mtu akachomekea. Nikaacha lingine, wa pili akachomekea. Wa nyuma akanipigia honi kama vile nimemuibia. Niliudhika, nikahesabu, mpaka navuka waliochomekea walikuwa sita. Sita! Magari sita yamenichelewesha sekunde kumi na mbili na mimi nilikuwa tayari kugombana. Wiki nzima nimeendelea hivyo na sijasimama kabisa darajani siku tatu kati ya tano, natambaa lakini sisimami, na ukitazama kwenye kioo walio nyuma yangu nao wanatambaa bila kusimama.

Wanaosema lijengwe daraja lingine siwapingi, pengine magari kweli yamezidi na hakuna pengo litakalosaidia. Lakini daraja ni miaka, na wakati tunalisubiri kuna vitu vya wiki moja, bango la kusema unapanda shika mwendo wako, rangi mpya ya leni, gari la kuvuta likae karibu asubuhi na jioni, viungio vikazwe. Wahusika wakisoma hapa wajibu, siyo lazima wanijibu mimi.

Yule dereva wa basi nilikutana naye tena wiki mbili baadaye, nikapanda nikakaa palepale. Hakunisalimia. Tulipoanza kupanda daraja nikaona jicho lake limekwenda kwenye dashibodi, likarudi barabarani, likaenda tena. Mguu ukashuka kidogo. Mshale ukabaki 80. Tulipofika juu akasema bila kunitazama, "inashukaga kweli bwana."

Ni mimi msomaji wako,
Mvukaji wa kila asubuhi